Barua ya wazi kuhusu kanuni za chapa na karakana isiyofanya kazi

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi,
na kwa Mkurugenzi,
Jumba la sanaa la umma mlilokabidhiwa,
Nairobi.

KUH: KANUNI ZA MAONYESHO YA CHAPA NA HALI YA KARAKANA

Waheshimiwa,

Jina la jumba hatulitaji. Mnajijua, na wachapaji wa mji huu wanawajua. Tumewaandikia faraghani mara tatu. Kila barua ilipokelewa dirishani, ikapigwa muhuri wa IMEPOKELEWA, na safari yake ikaishia hapo. Muhuri huo tutaurudia, kwa sababu ndio chapa pekee ambayo ofisi yenu huikubali bila kuuliza ina nakala ngapi.

Kanuni zenu zimeandikwa na mtu aliyekuwa akiwaza picha ya kutundika sebuleni. Sisi uchapaji tunautumia kuuliza maswali kuhusu nakala: nani ana ruhusa ya kurudia jambo, mara ngapi, kwa nguvu ya mkono wa nani, na nini hupotea kila linaporudiwa. Kazi za namna hiyo kanuni zenu hazizipi mlango. Na kwa jinsi karakana yenu ya uchapaji ilivyo sasa, hata hizo picha za sebuleni hazina pa kuchapiwa. Tunayaeleza malalamiko yetu moja baada ya jingine.

1. Kanuni ya nakala kumi

Mnataka kila chapa itoke katika toleo la nakala zisizopungua kumi, zote zifanane, nambari iandikwe kwa penseli kushoto na sahihi kulia, na bamba, yaani kipande cha chuma kilichochorwa ambacho chapa hutolewa kwacho, liletwe likiwa limekwaruzwa X ili lisichapwe tena.

Desturi hii si kongwe kama inavyodhaniwa. Sahihi ya penseli ilishika kasi miaka ya 1880 kwa wasanii kama Whistler na Haden, soko lilipotaka njia ya kuitofautisha karatasi ya msanii na ile ya kiwandani. Karne mbili nyuma, mchoraji Mholanzi Rembrandt alichora bamba la Misalaba Mitatu, lenye mwaka wa 1653, akalichapa, kisha baadaye akalikwangua na kulichora upya hata watu waliokuwa pale wakamezwa na giza. Bamba ni lile lile na picha ni nyingine. Hakuna aliyemdai nakala kumi zinazofanana.

Tazameni sasa uchoraji wa sindano kavu, mbinu ambayo kanuni hii huiua moja kwa moja. Sindano hulima mfereji juu ya shaba na kuacha ukingo wa chuma uliovimba kandokando ya mfereji, kama udongo unaorushwa na jembe. Wino hunaswa na ukingo huo kuliko unavyonaswa na mfereji wenyewe, ndiyo sababu mstari hutoka mnene na laini kama mahameli. Lakini kila bamba linapopita chini ya rola ya mashine ya kuchapia, ukingo hulala kidogo. Juu ya shaba tupu mtapata chapa kumi hadi ishirini nzuri, juu ya alumini chache zaidi. Baada ya hapo mstari hukonda, hupauka, na mwisho hubaki mkwaruzo wa kijivu.

Kuna kazi ambayo maana yake ni huko kuchoka. Bamba moja huchapwa mpaka linyamaze, kisha karatasi zote hutundikwa kwa mpangilio, kuanzia ile nyeusi hadi ile isiyosema kitu. Chini ya kanuni yenu, msanii anatakiwa achague kumi za mwanzo na kutupa zilizobaki, yaani atupe kazi na kubaki na sampuli zake. Vivyo hivyo kwa linoleamu ya kupunguza, ambapo kibao kile kile huchongwa zaidi baada ya kila rangi. Kufikia rangi ya mwisho kibao kimeshakula picha zake zote za awali. Hapo X mnataka ikwaruzwe juu ya nini?

Mtasema nambari humlinda mnunuzi. Humlinda kidogo tu. Karatasi huchanganyika kwenye kamba za kukaushia, kwa hiyo 3/20, yaani ya tatu kati ya ishirini, haimaanishi kwamba ilikuwa ya tatu kutoka mashineni. Tena nakala anazobaki nazo msanii mwenyewe, ambazo kwa kawaida ni kama moja ya kumi ya toleo, huwa nje ya hesabu hiyo. Tunapendekeza hati ya uchapaji ya ukurasa mmoja kwa kila kazi: kilichochapa ni nini, wino gani, karatasi gani na ya uzito gani, chapa zote zilizotoka ni ngapi pamoja na za majaribio na zilizoharibika, bamba liko katika hali gani leo, na nani anaruhusiwa kulichapa tena. Mnunuzi akiwa na hati hiyo anajua mengi kuliko anayoambiwa na tarakimu mbili na mkwaju.

2. Kanuni kwamba pasipo bamba hapana chapa

Kanuni zenu zinakubali bamba, kibao, jiwe na skrini. Kingine chochote "si chapa". Mwaka 1953, msanii wa Marekani Robert Rauschenberg aligundisha karatasi 20 mkia kwa kichwa, akazitandaza barabarani New York, akalitia rangi nyeusi gurudumu la gari, na mwanamuziki John Cage akaliendesha juu yake. Gurudumu lilikuwa kibao, gari likawa presi (mashine ya kuchapia), na dereva ndiye mchapaji. Kazi hiyo leo iko katika jumba la makumbusho la San Francisco, na haijazua tafrani yoyote kwenye orodha yao ya mali.

Lakini hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta ushahidi. Chini ya sheria ya usajili ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika nchini humu aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Kwa wengi hiyo ndiyo ilikuwa chapa ya kwanza kutoka mkononi mwao, na bamba lilikuwa ngozi. Serikali ilijua kabla ya jumba lenu kwamba kidole huchapa.

Na kazi iliyochapwa kwa kidole ndiyo mliyoikataa. Dole gumba moja lilipakwa wino mara moja tu, likabanwa juu ya karatasi 12 mfululizo bila kuongezwa wino. Ufundi wake si mchezo. Wino husambazwa juu ya kioo kwa rola hadi sauti ibadilike: ukisikia mlio wa kunata, kama kandambili kwenye matope, wino ni mwingi, ukisikia mnong'ono mwembamba, uko sawa. Dole huviringishwa kutoka ukingo wa ukucha hadi ukingo wa pili, mara moja, bila kurudi nyuma. Wino ukizidi, mabonde kati ya mistari hujaa na alama hugeuka doa. Jasho likizidi, wino hukataa kushika na mistari hukatikakatika. Katika kazi hiyo karatasi ya kwanza ni nzito mno, ya pili na ya tatu ndizo zinazosomeka, ya tisa ina mistari michache pembeni, na ya mwisho ina mafuta ya ngozi peke yake, ambayo huonekana tu ukiinamisha kichwa kuelekea dirishani. Mtu anafutika kadiri anavyosajiliwa.

Jibu lenu lilikuwa maneno matatu: "Hakuna bamba. Samahani."

Sasa turudi kwenye muhuri. Mji huu unaendeshwa na mihuri ya mpira. Barua isiyo na muhuri haisomwi, risiti isiyo na muhuri hutiliwa shaka, na mafundi wa mihuri wa katikati ya jiji hukukatia wako ukisubiri. Msanii akitengeneza muhuri wa ofisi isiyokuwepo, akapiga nao karatasi za maombi yasiyojibiwa, mtazamaji wa Nairobi haelezwi kitu. Ameshasimama kwenye foleni hiyo. Kisingizio kwamba umma hautaelewa sanaa ya dhana, ile ambayo wazo ndilo kazi yenyewe, hatukipokei. Msanii Cildo Meireles, Brazil ikiwa chini ya wanajeshi mwaka 1970, alichapa maandishi kwa rangi nyeupe kwenye chupa za soda za kurudishwa kiwandani. Chupa ikiwa tupu maandishi hayaonekani vizuri, ikijazwa soda nyeusi yanajitokeza. Mwenye duka yeyote wa hapa aliyewahi kudai "leta chupa kwanza" anaelewa mzunguko huo bila mhadhara.

3. Fremu na kioo

Kanuni hii tutaipitia haraka. Kazi zote lazima ziwe na fremu yenye kioo, sentimita 90 kwa upande mrefu zaidi. Rundo la karatasi sakafuni ambalo kila mgeni huchukua moja aende nayo nyumbani, kama alivyofanya msanii Felix Gonzalez-Torres kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, haliwezi kuingia. Mnasema karatasi zitakwisha. Zikwishe, zichapwe nyingine. Hilo ndilo pendekezo lenyewe la msanii.

Hata kwa kazi za ukutani, mnavyotia fremu huharibu. Kioo kimegusana na karatasi. Wino wa mafuta huhitaji siku kadhaa kukauka, na tabaka nene huhitaji wiki. Kikibanwa mapema, kioo hunasa wino na kuondoka nao siku ya kukifungua. Wekeni ukanda wa kadibodi isiyo na asidi wenye unene wa milimita 3 kuzunguka, ipate kupita hewa. Na tafadhali mwambieni fundi wenu wa fremu aache kukata pambizo ili karatasi itoshee. Lile bonde lililozama kuzunguka picha, ambalo ukilipitishia kidole unasikia kingo nne za bamba, ni sehemu ya chapa. Baadhi ya kazi zimerudi kwa wenyewe zikiwa zimenyolewa bonde hilo pamoja na nambari ambazo nyinyi wenyewe mlizidai.

4. Karakana

Hili ndilo zito. Presi ya bamba ni mashine sahili: rola mbili za chuma, kitanda cha chuma kinachopita katikati yake, skrubu ya kukaza kila upande, na gia ya kuzungushia. Pengine ni usahili huo unaowafanya wapitao wadhani ni meza. Kitanda chake kwa sasa kimebeba maboksi ya kalenda za zamani na thamosi ya chai.

Rola imeachwa imekazwa na blanketi ziko chini yake. Presi hulegezwa kila jioni na blanketi kutolewa. Hata usiku mmoja tu huacha mstari kwenye sufu, na miezi huacha handaki. Handaki hilo likipita juu ya bamba, sehemu hiyo haibanwi, na chapa hutoka na ukanda mweupe unaokatiza picha.

Blanketi zenyewe zinapaswa kuwa tatu. Nyembamba na iliyosokotwa hukaa chini, ikigusa karatasi, ili inyonye maji na gundi inayotoka kwenye karatasi mbichi. Ya kati ni nene na laini, nayo ndiyo huisukuma karatasi iingie mferejini. Ya juu ni ngumu na husukumwa na rola. Yenu ya chini imekauka kama ngozi ya ngoma kwa sababu ya gundi. Kinga yake ni maji ya vuguvugu, sabuni ya kiasi isiyo kali, kukandamizwa bila kukamuliwa, na kukaushwa imelala. Maji ya moto huifinya sufu isirudi tena. Yaliwahi kuletwa mablanketi ya kulalia ya akriliki yawe mbadala. Hayo huvutika badala ya kusukuma, wino hubaki chini mferejini, na mtu humlaumu mchoraji.

Skrubu ya kushoto ilikazwa kwa spana ya bomba, ya kulia ikaachwa. Matokeo yake yanajulikana kwa kila mchapaji: upande mmoja mweusi, mwingine hafifu, bamba linatembea kwa mshazari na karatasi inapata kunyanzi kutoka pembe hadi pembe. Na gia imevunjika meno mawili. Kila yanapofikiwa, kitanda hushtuka, na mshtuko huo huonekana kwenye chapa kama mstari wa mlalo, kila baada ya umbali ule ule. (Mmoja wa wageni wenu aliusifu mstari huo kama mdundo. Tulinyamaza kwa adabu.)

Mtasema hakuna fedha za presi mpya. Hatuombi mpya. Meno mawili hujazwa kwa kulehemu na kukatwa upya. Mafundi wa chuma wa Kariobangi Light Industries hufanya kazi ngumu kuliko hiyo kila siku. Skrubu zilegezwe zote, nyuzi zake zisafishwe na kupakwa grisi, kisha zikazwe kwa mizunguko inayohesabiwa, sawa kwa sawa. Kipimo ni bamba tupu lisilo na wino na karatasi iliyolowekwa: pembe zote nne zikizama kwa kina kimoja, presi iko tayari. Blanketi mbili za juu zinaweza kuokolewa. Ya chini tu ndiyo ya kununua.

Saa za kufungua nazo zinahitaji kutazamwa. Karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba hulowekwa nusu saa au zaidi, hukaushwa maji ya juu, na hapo ndipo bamba hupakwa wino na kupanguswa kwa shashi, dakika 15 hadi 20 kwa bamba dogo. Mlango unaofunguliwa saa nne na kufungwa saa saba unatosha kuanza tu.

5. Kemikali

Tunakubali hofu yenu hapa ina msingi, ila imeelekezwa kusiko. Mlipiga marufuku kemikali zote baada ya bomba la sinki kutoboka. Lilitobolewa na feriki kloraidi, kemikali ya kuchimbia mistari kwenye bamba, ambayo hula shaba kwa utaratibu bila mvuke mkali wa asidi ya nitriki, lakini hula chuma pia, na sinki yenu ina mabomba ya chuma. Wekeni sinki na mabomba ya plastiki. Zaidi ya hapo, ndoo zilikuwa hazina majina. Bamba la zinki au alumini likitumbukizwa kwenye feriki kloraidi, maji huchemka na kutoa gesi inayoshika moto. Kwa zinki kuna mrututu (salfeti ya shaba), ule ule wa duka la dawa za kilimo: gramu 50 za mrututu na gramu 50 za chumvi ya mezani kwa lita moja ya maji. Uchafu mwekundu wa shaba hujikusanya mferejini na kuzuia dawa isifike chini, kwa hiyo hupanguswa kwa unyoya wa kuku kila baada ya dakika chache.

Dawa ikichoka isimwagwe. Magadi hutiwa kidogokidogo, maana hufura na kumwagika ndoo ikijaa kupita kiasi, mpaka karatasi ya kupimia asidi ionyeshe 7 au 8. Tope huachwa litulie usiku kucha, nalo huwekwa kwenye mtungi wenye jina na kukabidhiwa mzoa taka mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwani lina shaba inayoua samaki na vijidudu vya udongo. Haya yote hutoshea kwenye bango moja ukutani. Bango tumeshalichapa, linahitaji misumari minne.

6. Uteuzi na majibu

Jopo lenu halina mchapaji hata mmoja. Liwe na wawili, mmoja wao awe anafanya kazi zisizo na fremu. Na maneno matatu si sababu: Katiba, Kifungu cha 47, inampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala. Pia mnadai msanii aliyechaguliwa awaachie bamba lake. Kumiliki karatasi, au hata bamba, hakumpi mtu haki ya kulichapa. Hiyo ni ya msanii mpaka aihamishe mwenyewe kwa maandishi.

Basi tunaomba, kabla ya mwito mwingine wa maonyesho kutangazwa: hati ya uchapaji ichukue nafasi ya nakala kumi na ile X, kanuni ya bamba ifutwe, fremu iwe hiari, bamba libaki kwa mwenyewe, jopo lirekebishwe, sinki ibadilishwe. Tunaomba pia nakala ya bajeti ya matengenezo ya karakana, chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayowapa siku 21 za kujibu. Jibu liwe la maandishi, na likiwa na muhuri tutaufurahia.

Kuhusu presi, hatutaki kikao. Mwenye funguo akifika Jumatatu na thamosi ikahamishwa, skrubu ya kushoto itakuwa imelegea kabla ya saa nne asubuhi. Grisi tutakuja nayo.

Wenu waaminifu,

Kikundi cha wachapaji wa sanaa,
Nairobi.